Mlango ni Bure, Duka Liko Ndani

Chukulia nyumba ya koplo wa polisi aliyepangiwa kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na mkewe na watoto watatu wamebaki Mbarara kwa ajili ya shule. Nyumba za namna hii ni nyingi, na wasomaji wa ukurasa huu wanazijua kuliko watu wengine. Baba huonekana mwisho wa mwezi, fedha huonekana kwenye simu. Simu hiyo hiyo ndiyo benki, ndiyo barua, ndiyo redio, na shule zikifungwa ndiyo uwanja wa michezo wa watoto.

Jumamosi moja ya likizo mama wa nyumba hiyo alitaka kununua unga, maharagwe na sabuni. Alipotazama salio lake akakuta shilingi 45,000 hazipo. Akadhani ametapeliwa, maana matapeli wa simu wamekuwa wengi. Kabla ya kwenda kulalamika kwa wakala akamwita mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka 14.

"Mwanangu, nani alishika simu yangu jana?"

"Ni mimi, Mama."

"Umemtumia nani fedha?"

Kijana akanyamaza kitambo. "Nimenunua vito, Mama."

Mama akamtazama masikio, akamtazama shingo na vidole, kana kwamba vito hivyo vingeonekana mwilini.

Ikabainika kwamba ni vito vya ndani ya mchezo wa simu. Mchezo wenyewe ni ufalme wa kubuni wenye mashujaa, wachawi na majoka, ambamo maelfu ya watu wa nchi mbalimbali hucheza kwa wakati mmoja kwa njia ya intaneti. Kila mchezaji humlea shujaa wake, naye shujaa huyo huongezeka nguvu siku hadi siku. Kijana aliupata bure, wala hakutozwa hata senti moja ya kuingia. Lakini joka moja lilimshinda mara sita mfululizo, na upanga wa kuliua ulikuwa ukiuzwa katika duka la humo humo ndani ya mchezo. Akamtafuta mfanyabiashara wa mjini anayeuza vito hivyo, akamtumia fedha kwa namba ya siri ambayo mama mwenyewe alimfundisha siku alizomtuma kulipia bidhaa sokoni.

"Lakini mchezo wenyewe ni wa bure, Mama," alijitetea. Alisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo.

Michezo ya namna hii haikuanza kwa kugawiwa bure. World of Warcraft, uliotoka Marekani mwezi Novemba 2004, ulimtaka mchezaji alipe dola 14.99 kila mwezi, na hata sasa anayetaka kuucheza wote hana budi kulipa ada. Kwa viwango vya miaka ya karibuni kiasi hicho ni zaidi ya shilingi 50,000 za Uganda. Asiyelipa alifungiwa lango, na shujaa aliyemlea kwa miaka mitatu akabaki ndani kama vyombo vilivyozuiliwa na mwenye nyumba kwa ajili ya kodi. Kwa mtoto wa Mbarara ada hiyo ilikuwa ukuta, wala si kwa sababu ya ukubwa wake peke yake. Ililipwa kwa kadi ya benki, nayo kadi ya namna hiyo wazazi wengi hawakuwa nayo. Kwa mtoto wa Nakivale hapakuwa na haja hata ya kuuliza.

Kisha soko likageuka. Kampuni ya Turbine ya Marekani iligeuza michezo miwili ya ada. Wa kwanza, Dungeons & Dragons Online, ulioanza mwaka 2006, ulifanywa wa bure Septemba 2009. Wa pili, The Lord of the Rings Online, ulioanza Aprili 2007 na kutokana na kitabu mashuhuri cha J.R.R. Tolkien, ukafuata Septemba 2010. Mtu angedhani kwamba mwenye duka anayeanza kugawa bidhaa amekwisha filisika. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2011 kampuni hiyo ilieleza kuwa mapato ya mchezo huo wa pili yamefika mara tatu ya yale ya awali. Wenzao wakaona, wakaiga. Star Wars: The Old Republic, uliofunguliwa kwa kishindo Desemba 2011, haukumaliza hata mwaka mmoja na ada yake. Novemba 2012 nao ukafungua lango kwa kila mtu.

Waganda wanaweza kulielewa geuzo hili bila kwenda mbali. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii. Hiyo ilikuwa ada ya mlangoni: hukulipa, huingii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Mlangoni hakusimama tena mtu. Atumiaye kidogo akawa analipa kidogo, na atumiaye sana analipa sana, bila kuona ni saa ngapi hasa alipolipa. Wenye michezo walipita njia ya namna hiyo, ila wao hawakuweka kiwango kimoja kwa wote.

Katika michezo ya bure wachezaji walio wengi hawalipi kitu maisha yao yote. Gharama hubebwa na wachache wanaonunua, na miongoni mwa wachache hao wamo wanaonunua kupita kiasi. Wenye biashara hii huwaita watu hao nyangumi, kwa kuwa mmoja akinaswa hulisha kijiji. Nyangumi huyo aweza kuwa tajiri wa ughaibuni mwenye fedha za kuchezea. Aweza pia kuwa mvulana wa miaka 14 mwenye simu ya mama yake.

Duka la ndani limepangwa kwa akili nyingi. Bei haziandikwi kwa shilingi wala dola. Huandikwa kwa vito, ili mnunuzi asahau kwamba anatoa fedha. Upanga ule wa kijana ulikuwa wa vito 1,100, na vito viliuzwa kwa mafungu ya 1,000. Ikambidi anunue mafungu mawili, akabakiwa na vito 900 visivyotosha kitu cha maana, ambavyo tangu siku hiyo vilikuwa vikimwita arudi kuongeza. Pembeni mwa upanga kulikuwa na saa ikihesabu dakika, ikimwambia kwamba bei hiyo itakwisha usiku. Usiku ulipita, na bei ikarudi asubuhi ile ile. Akina mama wanaonunua khanga mjini wanaijua hila hii tangu zamani. Tofauti ni kwamba mwenye khanga huonekana uso.

Koplo alipopigiwa simu usiku ule alifoka kama ilivyo ada ya mtu aliye mbali na nyumba yake. Akaamuru kijana asishike simu tena mpaka amalize shule. Lakini kesho yake, akiwa zamu huko Nakivale, akapita kwenye kibanda cha kijana mmoja Mkongomani anayechaji simu za watu kwa umeme wa jua. Nakivale ni makazi ya siku nyingi, yaliyotambuliwa rasmi tangu mwaka 1960, na leo humo mna Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili ndicho huwaunganisha wengi wao sokoni, ndicho pia lugha ya afande na raia. Koplo akamkuta kijana yule ameinamia simu, na juu ya kioo joka linatema moto.

"Hata wewe?" akauliza koplo.

"Shikamoo, afande. Hata mimi, mwaka wa pili huu."

"Umekwisha tumia kiasi gani?"

"Data tu, afande, nayo najibana. Vito sijanunua hata kimoja. Kwanza fedha ziko wapi?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapanga wakimbizi katika makundi kufuatana na uhitaji wao. Wengi wakapunguziwa msaada, na walioonekana wanajimudu wakaondolewa kabisa. Shilingi 45,000 katika nyumba ya makazi yale si fedha ya kuchezea upanga.

Koplo akataka kujua mtu asiyelipa anapata faida gani, na mwenye mchezo anapata faida gani kwake. Kijana akaweka simu chini.

"Mimi napata wenzangu, afande. Kikosi chetu kina mtu wa Goma, wa Nairobi, na mmoja yuko Mbarara hapo. Wakati wa ada nisingewafahamu. Mwenye mchezo naye anatuhitaji. Anayenunua upanga anataka watu wa kumwona nao, na watu wa kuwashinda. Sisi tusiolipa ndio watu hao. Tukiondoka wote, nani atanunua?"

Koplo hakutegemea kufundishwa biashara kwenye kibanda cha kuchajia simu, lakini alisikiliza. Na kwa haki, maneno hayo yanafaa kusikilizwa na wazazi wengine ambao dawa yao ya kwanza ni kunyang'anya. Lango lilipofunguliwa, watoto waliokuwa nje kwa sababu ya kadi ya benki waliingia, nayo hiyo ni faida ya kweli. Kumrudisha mtoto nje kwa sababu ya duka lililomo ndani ni kumwadhibu kwa kosa la mwenye duka.

Jambo linalostahili ukali zaidi ni masanduku ya bahati. Mchezaji hununua sanduku lililofungwa bila kujua limebeba nini. Pengine atatoa upanga wa dhahabu, pengine kofia ya majani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kijana wa miaka 24 hana ruhusa kwenye kibanda cha kubashiri mpira, ilhali mdogo wake wa miaka 12 hufungua masanduku ya kununua akiwa kitandani. Ubelgiji iliamua Aprili 2018 kwamba masanduku katika baadhi ya michezo ni kamari. Nchini Marekani, serikali ilishika upande wa manunuzi ya watoto: Januari 2014 kampuni ya Apple ilikubali kuwarudishia wateja dola zisizopungua milioni 32.5 kwa manunuzi ambayo watoto walifanya bila idhini ya wazazi. Desemba 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, wakakubali kulipa dola milioni 520, na kati ya hizo milioni 245 zilikuwa za kurudishiwa wanunuzi. Mama wa Mbarara aliyelipa kupitia mfanyabiashara wa mjini hana wa kumrudishia.

Hata hivyo duka la ndani laweza kuuza kitu kingine. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Akajifundisha mwenyewe kutunga michezo, na Desemba 2018 akatunukiwa heshima katika tuzo za michezo ya kompyuta huko Marekani. Mchezo wake, Salaam, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia vita. Nguvu zikimwisha, mchezaji hununua maji, chakula au dawa kwa fedha halisi, na mpango wa Mayen ulikuwa kwamba fedha hizo ziwafikie wakimbizi walio hai kwa njia ya mashirika ya misaada. Mbinu ni ile ile iliyomnasa mtoto wa koplo. Aliyeitumia alijua njaa ni kitu gani.

Mwisho wa mwezi koplo akafika nyumbani na debe la maharagwe. Hakupiga mtu. Akaweka simu mezani, akamtaka kijana aonyeshe mahali ambapo simu hupangwa idai neno la siri kabla ya kununua chochote, wakapanga pamoja. Kijana akakubali kufua nguo za nyumba nzima likizo yote na kubeba maji, mpaka mama atakaposema deni limekwisha. Mama alisema hesabu hiyo ataiweka yeye, wala hana haraka.

Kisha koplo akaomba aonyeshwe joka.

"Bila upanga ule halifi?"

"Linakufa, Baba. Lakini tuwe watu ishirini, na kila mtu asimame mahali pake, asikimbie kabla ya amri."

Hilo koplo alilielewa mara moja, pengine kuliko alivyoelewa kitu kingine chochote katika habari yote hii. Akauliza nani anatoa amri. Kijana akasema ni mtu mmoja wa Nakivale, anayechaji simu, na kwamba huwa anawachelewesha kila jioni yenye mawingu.

Mama alikuwa jikoni, akisikia yote. Namba ya siri alikuwa amekwisha kuibadilisha tangu Jumamosi ile, na hata koplo hakuambiwa.