Mwenye Wimbo Ni Nani?



Wiki jana kijana wetu mmoja wa timu ya sifa alinitumia wimbo kwa WhatsApp, saa nne usiku. Chini yake akaandika: "Pasta, tunaweza kuupiga huu Jumapili? Gitaa lake ni moto." Ulikuwa "Nobody's Fault but Mine" wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, wa mwaka 1976. Najua wengine wenu mngemjibu vipi: roki ni ya shetani, futa hiyo kitu. Mimi nilimwambia atafute kwanza mwenye wimbo.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Injili. Anaitwa Blind Willie Johnson, mtu mweusi wa Texas, kipofu, aliyezoea kuimba barabarani na gitaa lake akiishi kwa senti za wapita njia. Aliurekodi Desemba 1927 huko Dallas. Ujumbe wake hauna mafumbo: Biblia ninayo nyumbani, na kusoma nilifundishwa; nisipoisoma na roho yangu ikapotea, nisimlaumu mtu mwingine. Kipofu ndiye anaimba hayo! Wewe na mimi tuna macho, tuna Biblia kwenye simu, na bando tumenunua.

Ile bendi ilichukua jina la wimbo na kilio chake, ikaiacha Biblia. Waliouimba upya wanamwimba mtu aliyekabwa na uraibu. Kosa limebaki, lakini Kitabu cha kumtoa shimoni hakimo. Na palipoandikwa watunzi, ni Jimmy Page na Robert Plant. Johnson hayupo. Alikuwa amefariki mwaka 1945 mjini Beaumont, na mjane wake alieleza baadaye kwamba nyumba yao iliungua, wakalala ndani ya magofu kwenye matandiko yaliyolowa maji.

Msinielewe vibaya. Kuimba upya wimbo wa mwingine si dhambi, la sivyo tungefunga Tenzi za Rohoni leo, maana nyingi ni nyimbo za wazungu zilizotafsiriwa. Hata Zaburi zinarudiana. Soma ya 14, halafu usome ya 53. Soma ya 108 uone ilivyounganishwa kutoka 57 na 60, na jina la Daudi bado liko pale juu. Zaburi 57, 58, 59 na 75 zina neno moja la Kiebrania kwenye kichwa, na wasomi wengi huona ni jina la tuni waliyokuwa wakiiazima. Maana yake ni "Usiharibu."

Na si kila bendi ya roki huharibu. Mwaka 1965 The Byrds wa Marekani waliimba "Turn! Turn! Turn!", wimbo ambao Pete Seeger aliutoa Mhubiri 3 akiongeza maneno machache tu. Ulifika namba moja kule kwao. Watu ambao hawajawahi kukanyaga kanisa waliimba Mhubiri wakiendesha magari. Kwa hiyo msiniletee hoja ya gitaa na ngoma. Mimi nauliza wimbo ulitoka kwa nani, na umepunguzwa nini njiani.

Sasa kabla hatujawarushia wazungu mawe. Lile pambio letu la kufungulia ibada, ambalo video yake mmeisambaza sana, lilitungwa na mama mmoja wa kanisa letu kwenye kesha, miaka mingi kabla ya hii timu ya sasa. Kwenye video tuliandika jina la timu ya sifa peke yake. Niliipitisha mimi mwenyewe, kwa hiyo msiwalaumu vijana. Mjukuu wake akamwonyesha. Alikuja ofisini, akaketi, nikadhani atauliza habari ya pesa. Akaniambia polepole: "Pasta, mmetoa ubeti wa pili."

Ubeti wa pili ni wa mtoto wake aliyemzika. Tuliutoa kwa sababu ulikuwa unapunguza kasi, watu wanaacha kuruka.

Nilikosa la kusema. Nimewahi kuhubiri Warumi 13:7, habari ya kumpa kila mtu haki yake na heshima yake, nikashangiliwa. Siku hiyo niliomba msamaha, na ninamwomba tena hapa mbele yenu nyote.

Ile video tumeitoa. Jumapili hii tutaimba pambio lote, na mama amekubali kuuanzisha ubeti wa pili mwenyewe, bila ngoma. Jina lake litakuwa kwenye skrini. Yule kijana wa gitaa naye amekuwa akijifunza wimbo wa Johnson, wenye Biblia ndani, na atatuimbia kabla ya Neno. Ibada ya pili ni saa nne kamili. Njooni mapema, na mwenye Biblia ya karatasi aje nayo.