Green Bay Packers haina tajiri, na pointi yangu naidai mpaka leo

Najua nimewatupa kama wiki mbili hivi, kazi za makundi zimenikalia kooni na bando nalo ni lile la kuunga unga. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo vumilieni.

Alhamisi tulikuwa na usiku wa chemsha bongo pale kantini. Timu nne, maswali 40, zawadi kreti mbili za soda na chipsi kuku za watu watano. Mpaka swali la 39 tulikuwa tumefungana na jamaa wa ghorofa ya tatu. Swali la mwisho likawa la michezo, la ule mpira wa Wamarekani, wa makofia magumu na mpira uliochongoka kama embe: "Nani mmiliki wa timu ya Green Bay Packers?" Wenzangu wakanigeukia maana wanajua ndiyo ugonjwa wangu. Nikasimama kwa madaha, nikasema: haina mmiliki mmoja, inamilikiwa na wanahisa, watu wa kawaida zaidi ya nusu milioni. Muuliza maswali akatazama karatasi yake, akacheka, akasema "Umekosa. Jibu ni Mark Murphy." Kreti mbili zikapanda ghorofa ya tatu!

Jamani. Mark Murphy alikuwa rais wa klabu. Mwajiriwa. Aliingia mwanzoni mwa 2008 na Julai 2025 akaondoka, kwa sababu taratibu za klabu zinamtaka rais astaafu akifika miaka 70. Sasa niambieni, wapi mliona mwenye mali akastaafishwa kwenye mali yake kwa sababu kafikisha umri? Akaja Ed Policy, naye mwajiriwa vilevile. Nilipomweleza hivyo muuliza maswali akanijibu, "Acha ubishi bwana, kila timu ya kulipwa ina tajiri wake."

Hiyo sentensi ndiyo imenileta hapa. Soda ningesamehe. Ila kuna watu wameamini kwamba bila tajiri hakuna timu, kama vile samaki na maji. Na nilipofika chumbani nikakuta mwenzangu wa kitanda cha juu, tunamwita Mwanasheria (yuko mwaka wa tatu sheria na anaongea kama yuko mbele ya jaji hata akiomba chumvi), naye yuko upande wa karatasi. "Mdogo wangu, manahodha wengi chombo huenda mrama," akanipiga methali, akageukia ukutani akalala.

Haya, amka Mwanasheria, usome.

Green Bay ni mji wa Wisconsin, kaskazini huko kwenye baridi ya kufisha, una watu kama 107,000 tu. Timu ilianza Agosti 1919. Kijana anaitwa Curly Lambeau alikuwa ameajiriwa kwenye kampuni ya kusindika nyama, Indian Packing Company. Akaungana na mwandishi wa michezo wa gazeti la pale mjini, George Calhoun, wakakusanya vijana. Kampuni ikatoa dola 500 za jezi na vifaa, kwa sharti timu iitwe kwa jina la kazi yao: Packers, yaani wafungasha nyama. Kampuni yenyewe ilishakufa zamani, jina limebaki. Mdhamini mwenye bahati kuliko wote duniani huyo, dola 500 tu na anatajwa zaidi ya miaka 100!

Wakaingia ligi 1921, kabla haijaitwa NFL. Mwisho wa msimu wakafukuzwa kwa kuchezesha wanafunzi wa vyuo kinyume cha sheria, Lambeau akahangaika akairudisha timu 1922. Mvua za mwaka ule zikaharibu mapato ya mlangoni, madeni yakapanda. Hapo ndipo wafanyabiashara wa mji, akiwemo mwenye gazeti, wakasema tusimsubiri tajiri. Mwaka 1923 wakaandikisha shirika lisilo la faida, wakauza hisa kwa dola 5 moja. Mji wenyewe ukanunua timu yake.

Mwanasheria anasema hiyo ni bahati ya mara moja. Sawa, ngoja. Mwaka 1931 shabiki akaanguka jukwaani, akafungua kesi, akashinda. Kampuni ya bima ya klabu nayo ikafilisika, timu ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Wakauza hisa tena 1935, ikapona. Katikati ya balaa hilo timu ilikuwa imechukua ubingwa 1929, 1930 na 1931 mfululizo. Mfukoni hakuna kitu, kabatini makombe.

Halafu kuna hii ambayo watu wa karatasi hawaijui, na ndiyo naipenda kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1940 timu ilikuwa hoi tena. Lambeau mwenyewe, mwanzilishi, kocha wa miaka 30, akaja na wazo: tulete wawekezaji wachache wenye hela zao, tubadilishe mfumo. Maneno yale yale mnayoyasikia kila siku. Bodi ikamkatalia. Mtu aliyeizaa timu akaambiwa hapana, hii si yako peke yako. Akaondoka mwanzoni mwa 1950 kwenda kufundisha Chicago Cardinals, wakati nyumba ya mazoezi aliyokuwa ameinunulia klabu kwa gharama kubwa ilikuwa imetoka tu kuungua moto. Hela ya bima ya ule moto ikasaidia kulipa madeni (mambo ya Mungu hayo), na 1950 wakauza hisa mara ya tatu, wakapata kama dola 118,000. Hata hivyo hawakumwekea kinyongo. Alipofariki 1965 uwanja ukapewa jina lake, ndiyo huo Lambeau Field wa mpaka leo.

Sasa nahamia kwa wenye matajiri, tuone chombo cha nahodha mmoja kinavyokwenda.

Baltimore walikuwa na timu yao, Colts, wanaipenda mpaka kuumwa. Usiku wa Machi 28 kuamkia 29, 1984, mwenye timu, Robert Irsay, akaleta malori ya kuhamisha vyombo, wakapakia makofia, jezi, makabati, kila kitu, kwenye theluji, gizani. Asubuhi watu wa Baltimore wanaamka, timu yao iko Indianapolis. Kama mpangaji anayekimbia kodi! Mwaka 1995 Art Modell akatangaza anaichukua Browns ya Cleveland na kuipeleka Baltimore. Yaani mji ulioibiwa nao ukaiba. Cleveland wakakaa bila timu mpaka 1999. Houston wakapoteza Oilers. Oakland wakaachwa na Raiders waliokwenda Las Vegas 2020. St. Louis waliletewa Rams kutoka Los Angeles 1995, 2016 wakanyang'anywa, timu ikarudi ilikotoka. San Diego walipiga kura Novemba 2016 wakakataa kodi ya kujenga uwanja mpya, na Januari 2017 mwenye Chargers akatangaza anahama. Miaka 56 San Diego, ikaisha kwa tangazo.

Miji hiyo yote ni mikubwa kuliko Green Bay, tena mingine mara nyingi. Mji mdogo kuliko yote kwenye ligi ndio pekee ambao hauwezi kuamka asubuhi ukakuta timu haipo. Maana itauzwaje? Hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa na hisa zaidi ya 200,000. Na hata wanahisa wakirogwa wote wakaamua kuuza klabu, hela haiendi mfukoni mwao, inakwenda kwenye mfuko wa hisani wa klabu. Waliofikiria hilo walikuwa wajanja, walijua tamaa haiishi kwa kuhubiriwa, ukaifungie mlango kabisa.

Mwanasheria ana hoja moja nzito na siwezi kujifanya sijaisikia. Anasema hisa yenyewe ni kiini macho. Haina gawio. Huwezi kuiuza sokoni. Haipandi bei. Unapata karatasi nzuri, unapiga kura ya bodi na kwenda mkutano mkuu wa mwaka, basi. Ni kweli. Na kwangu mimi hii hoja inauma kwa sababu yangu binafsi.

Nina binamu yangu anabeba boksi Milwaukee. Mwishoni mwa 2021 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikamwomba hela ya kozi ya kompyuta. Akaniambia kaka, mambo magumu, nivumilie. Nikavumilia. Wiki mbili baadaye namwona kaweka picha, kashika karatasi iliyopambwa kwenye fremu, anacheka mpaka gego la mwisho. Hisa moja ya Packers. Dola 300! Nilikaa miezi simpokelei simu. Nilimwambia shangazi kwamba mwanao Marekani imemharibu, ananunua karatasi wakati ndugu zake wanahangaika. Shangazi naye akampigia akamsema.

Baadaye alinitumia ujumbe mrefu. Akasema kule kila kitu alichonacho kinaweza kuondoka, chumba ni cha mtu, gari ni la mkopo, kazini wakikuchoka wanakupigia simu tu. "Hiki ni kitu kimoja huku ambacho hakuna mtu wa kukihamisha." Sikumjibu siku ile. Nilianza kusoma historia ya hii timu nikitafuta sababu ya kumwonyesha kwamba kaibiwa, na ndivyo nilivyopata huu ugonjwa wangu.

Kwa hiyo Mwanasheria, ukisema karatasi haina faida, nakubali, haina faida ya benki. Watu hawakununua faida. Mauzo ya 1997 na 1998 yalileta zaidi ya dola milioni 24, ya 2011 na 2012 zaidi ya milioni 64, na haya ya binamu yangu zaidi ya milioni 65. Hela imekwenda uwanjani. Je, na kodi ya umma imetumika? Ndiyo, mwaka 2000 wananchi wa Brown County walipiga kura, wakakubali kuongeza nusu asilimia kwenye kodi ya mauzo ili uwanja ukarabatiwe, na mwaka 2015 kodi ikafutwa. Uwanja ni mali ya umma na timu haina pa kukimbilia.

Mnasema timu ya wananchi haiwezi kushindana? Ina ubingwa wa ligi mara 13, hakuna timu nyingine NFL inayofika hapo, Chicago Bears wanafuata na 9. Vince Lombardi alipewa timu 1959, ikiwa imetoka kushinda mechi moja tu msimu mzima uliopita, akabeba mataji matano ndani ya miaka saba na Super Bowl mbili za kwanza kabisa. Kombe lenyewe la Super Bowl linaitwa kwa jina lake. Fainali ya Desemba 31, 1967 dhidi ya Dallas Cowboys ilichezwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, filimbi za marefa zikaganda, wakamalizia kwa kupiga kelele. Zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 20 Bart Starr akajipenyeza na mpira mwenyewe, 21 kwa 17. Matokeo hayohayo ya mechi ya kuzindua uwanja ule 1957 walipowafunga Bears. (Swali kama hili ndilo la kuuliza kantini!)

Na hao Bears, mahasimu wa kufa, mwenye timu yao George Halas alisafiri hadi Green Bay 1956 kuwaomba wananchi wapige kura uwanja ujengwe. Alijua ligi bila mpinzani haina maana. Tangu miaka ya 1960 hela ya televisheni ya taifa inagawanywa sawa kwa timu zote, na hapo ndipo mji mdogo unapumua. Tena kiasi hicho tunakijua kila mwaka kwa sababu Packers peke yao ndio wanaotoa hesabu zao hadharani. Hesabu zao za 2024 zilionyesha zaidi ya dola milioni 400 kwa kila timu. Matajiri wengine 31 wamefunga madaftari, halafu wakienda kwa meya wanalia hawana hela ya uwanja.

Kama mfumo huu ni mbovu, mbona umepigwa marufuku? Sheria za NFL zinataka timu iwe na wenye hisa wachache wanaohesabika, na mmoja awe na kipande kikubwa. Packers wamebaki kwa sababu walikuwepo kabla. Kwa hiyo San Diego hata wangechangishana wasingeruhusiwa. Kitu kisichofanya kazi huhitaji kukikataza, kingekufa chenyewe. Mwanasheria, hapa nasubiri jibu tangu Ijumaa, naona unajifanya unasoma.

Alhamisi ijayo kuna chemsha bongo nyingine. Nimemwomba binamu anitumie picha ya ile karatasi, jina lake linasomeka vizuri kabisa, na muuliza maswali nitamwekea simu usoni kabla hajafungua mdomo. Kreti mbili, na chipsi kuku. Kama wamekunywa soda zote wanirudishie chupa.

Maoni yenu hapo chini kama kawaida. Naenda kupanga foleni ya maji, yametoka.