Likoni, Kisauni, Changamwe: Simu Yako Inakujenga ama Inakumaliza?

Wasee wa mainland, hii stori tuiongee bila kufichana. Saa saba usiku, feri ya Likoni imepungua watu, matatu za Magongo zimelala, lakini mabarobaro bado wako macho. Mkono huu simu, mkono ule jaba. Asubuhi kichwa kizito, hamu ya kula hakuna, hasira ziko karibu, na kibarua kinangoja.

Wazee wakiona hivyo wanasema mchawi ni simu. Lakini si simu hiyohiyo inayozungusha ombi la damu mgonjwa wenu akilazwa Coast General? Si hiyohiyo inayochangisha bili ya hospitali? Mchawi hayuko ndani ya simu. Shida ni vile tunaitumia.

Mnaikumbuka vita ya muguka? Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Kabla mwezi uishe Rais William Ruto akasema marufuku hizo ni bure kwa sababu zinagongana na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Mitandao ikawaka moto. Pwani upande huu, wakulima wa Embu upande ule, kila mtu ana vidio, kila mtu ana matusi.

Sasa jiulize, kelele zilipoisha, yule msee wa Mtopanga aliyekuwa anataka kuacha kutafuna alibaki na nini? Alibaki na maskani ileile na kibanda kilekile cha muguka. Kupiga kelele kuhusu afya ni kitu kimoja, kusaidiwa afya yako ni kitu kingine, na hapo ndipo wengi tunachanganya.

Watu sita wanaokujua

Muguka ina kemikali inayokuweka macho na kukukata njaa. Ukiacha, saa ngumu ni ile uliyozoea kutafuna, jioni washikaji wakiwa wamekaa kijiweni. Saa hiyo ukiwa bure, umerudi. Vidio ya kutia moyo haiwezi kukaa na wewe saa hiyo. Mtu anaweza.

Ndiyo maana grupu la WhatsApp la watu sita wa mtaa mmoja linashinda akaunti ya mtu maarufu mwenye wafuasi laki tano. Mkikubaliana kukimbia Pirates saa kumi na mbili asubuhi na usitokee, kuna mtu atapiga simu kuuliza uko wapi. Yule maarufu hajui hata kama umeamka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa, siku tano. Mchanga wa Pirates ni wa bure, na wa Shelly pia. Kuangalia mazoezi TikTok ukiwa umelala kitandani hakuhesabiki, hata ukiangalia dakika 300.

Usingizi umeuzwa

Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliweka Kenya kileleni kwa matumizi ya TikTok kati ya nchi ilizochunguza. Asilimia 54 ya waliohojiwa hapa walikuwa wanaitumia. Sifa nzuri, lakini bei yake? Mwaka huohuo daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa onyo kwamba vijana wadogo wanaopitisha saa tatu kwa siku mitandaoni wana hatari mara mbili ya kuwa na dalili za msongo na wasiwasi.

Usichukue hiyo kama amri ya kutupa simu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilijaribu kitu mwaka 2018. Wanafunzi 143 waligawanywa. Wengine waliendelea kama kawaida, wengine wakapunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kila moja kwa siku, kwa wiki tatu. Waliopunguza walipungukiwa na upweke na huzuni. Angalia vizuri: hawakuacha, walipima. Kama chumvi kwa mchuzi.

Siri na skrinishoti

Hapa ndipo mainland inatuumiza. Ukiandika kwa grupu kubwa kwamba umechoka na maisha, jioni Bombolulu nzima inajua, na kesho shangazi yako Chaani anapiga simu akilia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini sheria haikimbii kama skrinishoti.

Na kulikuwa na woga mwingine mkubwa. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka miwili. Yaani mtu anapona, halafu anangojwa na polisi badala ya daktari. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo kuomba msaada si kujipeleka kwa askari.

Mambo mazito yasianzie kwa stetasi. Yaanzie kwa mtu mmoja anayejua kunyamaza, ama kwa laini za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msongo wa mawazo, 1192 ya NACADA kwa mihadarati. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, inajulikana miaka mingi kwa huduma ya afya ya akili. Walio kwa unga, Kisauni kuna kliniki ya methadoni. Anayekuita kichaa kwa kwenda huko hajawahi kukulipia dawa.

Madaktari wa laivu

Kuna wengine wanauza unga wa kukata kitambi kwa wiki moja na krimu ya kung'arisha ngozi, pesa mbele, jina la duka hakuna. Kabla hujatuma, tafuta jina lake kwa rejista ya KMPDC, iko wazi mtandaoni. Daktari wa kweli hafichi jina. Na dawa isiyo na lebo ya viungo, wewe ndiye panya wa majaribio.

Kipimo changu ni rahisi. Ukifunga simu umefanya nini? Kama imekutoa nje, imekupeleka kliniki, imekukutanisha na mtu, ama imekuacha ukalala mapema, hiyo bando imelipa. Kama imekuacha palepale ukiwa na wivu na macho mekundu, umelipia ugonjwa.

Kuna mshikaji wako amenyamaza sana siku hizi, unamjua. Usimtumie hii peke yake. Mpigie.