Umeicheza Wewe Mwenyewe?

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kazi za watu zilinibana: kuna mfumo wa malipo uliokataa kutulia, nami nikakosa usingizi pamoja nao. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la Linux wanisamehe, hiyo ni ya wiki ijayo.

Jumapili mbili zilizopita nilikuwa Wote, Makueni, kwa dada yangu. Mimi ni mtu wa Kitui, yeye ameolewa huko. Tulipotoka kanisani, vijana walikuwa mlangoni wakigawa karatasi ya fotokopi iliyoandikwa pande zote mbili. Ilikuwa uhakiki wa gemu kumi ambazo watoto wanacheza, kila moja imepewa alama kati ya kumi. Alama za usafi, si za uzuri. Damu ikionekana, unapunguziwa alama. Mavazi mafupi, unapunguziwa. Mchawi, jini, mfupa unaotembea, unapunguziwa tena.

Minecraft ilipata alama mbili. Makosa yake: mifupa inayorusha mishale, meza ya uchawi, na mlango wa kwenda kuzimu. Gemu moja ya kandanda ya kwenye simu, ambayo jina lake sitalitaja, ilipata kumi juu ya kumi. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja tu: hakuna damu, hakuna uchawi, mavazi ya heshima, mruhusu mtoto.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, na sababu ni mpwa wangu wa miaka 12 aliyekuwa amesimama kando yangu akiangalia viatu vyake.

Kijana huyu alikuwa ametumia shilingi 4,300 za simu ya mama yake kwa wiki tatu. Dada yangu anauza nguo za mitumba, kwa hiyo hizo shilingi 4,300 si pesa za kuchezea. Alipogundua, alidhani ametapeliwa na wale watu wa "umeshinda zawadi". Kumbe ilikuwa gemu. Na si ile ya mifupa. Ni hii hii iliyopewa kumi juu ya kumi mlangoni mwa kanisa.

Haya, tuieleze inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye shida yenyewe.

Ndani ya gemu hiyo hununui mchezaji. Unanunua pakiti iliyofungwa. Ukiifungua, taa zinawaka, muziki unapanda, kisha unaonyeshwa umepata nani. Ndani ya programu hakuna muziki wala taa, kuna nambari ya nasibu tu na jedwali la uwezekano. Tuseme mchezaji unayemtaka ana nafasi 1 kati ya 100 katika kila pakiti, na pakiti ni shilingi 50. Wengi hudhani ukinunua pakiti 100 lazima umpate. Hapana! Kila pakiti huanza upya, programu haikumbuki wala haikuhurumii. Chukua kikokotoo, zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 100, utapata takriban 0.366. Maana yake, watoto 100 wakinunua pakiti 100 kila mmoja, karibu 37 kati yao watamaliza shilingi 5,000 bila kumwona mchezaji wao hata mara moja.

Hiyo ni kamari iliyovaa jezi. Na si maneno yangu peke yangu. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya bahati ya kulipia katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, yanavunja sheria za kamari za nchi hiyo. Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu zake za FIFA huko. Uchina, kuanzia Mei 2017, iliwataka wachapishaji wa gemu watangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo kwenye kasha. Mwaka 2020 hata mashirika yanayoweka alama za umri, PEGI la Ulaya na ESRB la Marekani, yaliongeza onyo la kumwambia mnunuzi kwamba gemu inauza vitu vya kubahatisha.

Sasa niambieni: mhakiki wetu, ambaye kwa uchungu kabisa anataka kuwalinda watoto wa Makueni na dhambi, ameipitaje kamari bila kuiona? Kanisa lile lile linahubiri kila mwezi juu ya vijana wanaomaliza karo kwenye mikeka!

Jibu ni rahisi. Hakuicheza.

Nilimtafuta. Ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, na si adui yangu. Nilimkuta chini ya mwembe.

"Mwalimu, shikamoo. Ile karatasi ni yako?"

"Marahaba kijana wangu. Ni yangu. Umeipenda?"

"Mwalimu, kati ya zile gemu kumi umecheza ngapi?"

Alinitazama kama niliyemuuliza amelewa mara ngapi. "Nicheze? Nimeziona picha zake."

Picha! Huyu ni mwalimu aliyesahihisha insha kwa miaka mingi. Angempa mwanafunzi alama kwa kutazama jalada la daftari?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo na uhakiki wa namna hii, uwe wa karatasi ya kanisani, wa redioni au wa kundi la wazazi. Wanahesabu vinavyoonekana. Lakini gemu si picha. Gemu ni kanuni: fanya hili, upate lile, ukikosa rudia, ukiishiwa lipa. Maadili ya gemu yamo kwenye kanuni hizo kuliko kwenye rangi. Anayehesabu matone ya damu bila kusoma kanuni amekagua rangi ya gari akasahau breki.

Chukua hiyo Minecraft ya alama mbili. Ni gemu ya kujenga kwa vipande vya mraba. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi hapa hapa, limekuwa likiitumia tangu 2012 katika mradi wa Block by Block, ambapo wakazi wa mtaa huchora wenyewe viwanja na bustani zao ndani ya gemu kabla wahandisi hawajaanza kazi. Kibera ni miongoni mwa mahali ulipofanyiwa majaribio mwanzoni. Na mpwa wangu, yule yule mla pesa, alinionyesha mlango alioujenga humo ambao haufunguki mpaka swichi mbili ziwashwe pamoja. Bila kujua, alikuwa amejenga saketi ya mantiki, ile ambayo mimi nilifundishwa chuoni kwa karo ya ng'ombe wawili. Mtoto huyu aliambiwa na karatasi kwamba kitu hicho ni cha shetani na pakiti za bahati ni za Mungu.

Tabia hii si ya Wote tu. Mei 2017 KFCB, bodi inayoainisha filamu nchini, ambayo wakati huo iliongozwa na Ezekiel Mutua, ilitangaza kupiga marufuku gemu iliyoitwa Blue Whale, baada ya kifo cha mvulana mmoja. Msiba ni msiba, na sitaufanyia mzaha. Lakini mimi kama mwandika programu nauliza: faili liko wapi? Blue Whale haikuwa programu ya kupakua na kuweka kwenye simu. Zilikuwa habari za vikundi kwenye VKontakte, mtandao wa kijamii wa Urusi, ambako ilisemekana watu huwapa vijana majukumu ya kujidhuru. Zilienea baada ya makala ya gazeti la Novaya Gazeta ya Mei 2016. Waandishi wengine walipochunguza, sehemu kubwa ya madai hayo ilikosa uthibitisho.

Ubaya wa marufuku kama hiyo ni huu: mzazi aliifungua simu ya mwanawe, akatafuta alama ya nyangumi, hakuiona, akalala kwa amani. Alichohitaji kuambiwa ni kumuuliza mwanawe unazungumza na nani usiku, na nini kinakusumbua moyoni. Tulimpa gemu ya kutafuta badala ya mtoto wa kusikiliza.

Najua mtakachosema. "Wewe unatetea gemu kwa sababu ni mkate wako." Kwanza, siandiki gemu, naandika mifumo ya malipo, na ndiyo maana nanusa hila za malipo kutoka mbali. Pili, sisemi kila gemu ni ya kila mtoto. Nilipokuwa kijana mjini Kitui tulicheza GTA San Andreas kwenye kibanda cha PlayStation, shilingi kumi kumi, tukiwa na miaka 13. Haikuwa gemu ya umri wetu, na yeyote aliyetufukuza hakukosea. Alama za umri zina kazi yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Hilo nalo si la kupuuzwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilirudia kuupima ushahidi kuhusu gemu zenye ukatili. Kikasema kuna uhusiano mdogo na ukali wa kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema gemu ndizo zinazosababisha jinai za kikatili. Hii ni kauli ya watu waliopima. Haisemi "hakuna shida" wala haisemi "shetani". Kwa nini uhakiki wetu usiweze kuzungumza hivyo?

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Jiji la New York lilipiga marufuku mashine za pinball mwaka 1942, likisema ni kamari tupu. Marufuku ilidumu hadi 1976. Iliondokaje? Mtu mmoja, Roger Sharpe, aliletwa mbele ya madiwani, mashine ikawashwa, akacheza huku akitaja mpira utapita wapi kabla ya kuupiga. Miaka 34 ya hukumu, na kilichomaliza ubishi ni mtu kucheza mbele ya waliohukumu.

Basi, nisiwe wa kulalamika tu. Nilimwandikia mwalimu maswali haya nyuma ya karatasi yake mwenyewe:

1. Kuna nini cha kununua humo ndani? Ni kitu unachokijua kabla ya kulipa, au ni bahati nasibu?
2. Nani anaweza kuzungumza na mtoto humo? Marafiki zake tu, au mtu yeyote duniani?
3. Mtoto akitaka kuacha, gemu inamwacha? Au inamnyang'anya alichochuma kwa kukosa siku moja?
4. Anafanya nini kwa akili yake: anapanga, anajenga, anakisia, au anabonyeza tu?
5. Damu, lugha, mavazi, uchawi. Ndiyo, viandike. Ni haki ya mzazi kujua. Lakini vije vya tano, pamoja na umri.

Mtaniambia mzazi hana nafasi ya yote haya, anarudi nyumbani saa mbili usiku amechoka. Sawasawa, na ndiyo sababu ya kuwa na mhakiki! Mzazi wa Wote au Mwingi anamwamini mhakiki kwa kuwa yeye hana saa ya kucheza. Ukichukua imani hiyo ukamrudishia hesabu ya matone ya damu, umemdhulumu aliyekuamini. Dada yangu angekuwa na shilingi 4,300 zake kama kungekuwa na mtu mmoja aliyeicheza hiyo gemu jioni moja tu na kuandika sentensi moja: hii inauza bahati nasibu kwa watoto.

Mwalimu aliyasoma maswali polepole, akavua miwani, akauliza, "Sasa mimi nitaichezaje hii kitu kwa vidole hivi?"

Nikamwambia mpwa wangu atamfundisha. Ana deni la shilingi 4,300 la kulipa, aanze na kazi hiyo.

Wiki ijayo ni Linux, naahidi. Na ukiwa na karatasi kama ile ya Wote, kabla ya kuitoa fotokopi nyingine, muulize aliyeiandika lile swali moja. Umeicheza wewe mwenyewe?