Bangi Haipigi Gita

Juzi nilikuwa kijiweni hapa Lumemo, Ifakara, kando ya mashine ya kukoboa mpunga, nikawawekea vijana wimbo wa WITCH kwenye simu. Ni bendi ya zamani ya Zambia, gita lake linakwaruza kama limemeza mchanga. Nusu dakika haijaisha, mmoja akatoa hukumu: "Mwalimu, si muziki wa wavuta bangi huo?"

Hukumu hiyo imenichosha. Reggae, bangi. Singeli, bangi. Na Wamarekani ndio wakamwaga petroli kabisa: kuna muziki wameupachika jina la stona roki, yaani roki ya wavuta bangi. Basi kila mtu anajiona ameuelewa kabla hajausikiliza.

Haya, tuhesabu. Singeli inakimbia, mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Stona roki inajikokota kama trekta kwenye majaruba ya Machi. Mmea mmoja unawezaje kumkimbiza mpiga singeli wa Manzese na kumkokotesha mpiga stona roki wa California?

Tazama mikono na vyombo. Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani Birmingham mwaka 1965. Baadaye, kwenye baadhi ya nyimbo za albamu ya Master of Reality ya 1971, akalegeza nyuzi zisimsumbue vidole. Gita likazama, likawa zito. Ajali ya kazini hiyo, hakuna moshi hapo. Wakaja Kyuss, vijana wa jangwa la California, nao wakalegeza nyuzi. Mpiga gita wao Josh Homme akalichomeka gita kwenye ampilifaya ya besi. Sherehe zao zilikuwa huko huko jangwani, kwa umeme wa jenereta. Ongeza fazi, kale kakasha ka kukanyaga kanakoikwaruza sauti, kisha kipande kifupi cha gita kirudiwe na kurudiwa, bila haraka, mpaka kikukae kifuani. Stona roki ndiyo hiyo. Ukitaka kuijua bila kununua albamu, weka kiganja kwenye ukuta wa mashine ya dizeli ikiwa inakoboa.

Sikatai, wamo walioiimba bangi yenyewe. Bendi ya Sleep, nao wa California, wana wimbo wa zaidi ya saa nzima juu ya mmea huo. Lakini futa maneno yote, waimbe bei ya mbolea, uzito ule haupungui hata gramu.

Turudi kwa WITCH: Zambia walikuwa na fazi hiyo tangu miaka ya 1970, enzi reli ya TAZARA inatandikwa kupita hapa Ifakara. Albamu ya bendi yao nyingine, Amanaz, iitwayo Africa, ni ya 1975. Muziki wao wakauita Zamrock. Jina la nchi, basi. Ukilisikia unauliza hao Wazambia walipiga nini, huulizi walivuta nini.

Yule kijana nikampa simu, nikamwambia aitumbukize kwenye ndoo tupu, aifuate besi tu. Akainamia ndoo mpaka wimbo ukaisha.

"Mwalimu," akasema, "hako kakasha, fundi redio hawezi kukatengeneza?"