Pesa ya mtaji si pesa ya chungu

Wiki iliyopita nilikuwa Rusumo nikisubiri gari la kwenda Nyakarambi. Pembeni yangu akina mama wawili walikuwa wamekalia magunia yao ya mchele na kuhesabu pesa kwa sauti. Mmoja alikuwa akitenga: hizi za kibina, hizi za mwenye gari, hizi za Banki Lambert. Alipomaliza kutenga hakukubaki kitu cha kupeleka nyumbani. Akacheka, akasema watoto watakula Jumapili. Mwenzake naye akacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana hesabu hiyo niliwahi kuifanya mwenyewe, na ilibaki kidogo inipotezee shamba.

Shamba lenyewe si langu kwa jasho langu. Mama yangu mzazi alirudi kutoka Karagwe mwaka 1996 akiwa na watoto, mikeka na sufuria, akapata kipande cha ardhi katika ule utaratibu wa kugawana mashamba uliofanyika katika iliyokuwa Kibungo. Wasomaji wetu wengi wana kipande kama hicho. Wengine waliorudishwa kutoka Tanzania mwaka 2013 hawana hata hicho, wanapanga. Kwa mtu aliyerudi, hati ya ardhi ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba hapa ni kwao. Na ni karatasi hiyohiyo mkopeshaji anayoitaka.

Januari 2020 mama watoto na mimi tulisaini pamoja, kama sheria inavyodai kwa mali ya wanandoa, tukaweka hati hiyo rehani katika chama cha akiba na mikopo. Tulichukua faranga 600,000 kwa miezi 12, aongeze mtaji wa mchele anaonunua Ngara. Tulilipa mara moja. Tarehe 21 Machi mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yalikuwa yakipita, lakini mama mwenye magunia matatu hakuruhusiwa kuvuka, na hakuvuka tena hadi tarehe 7 Machi 2022, mipaka ya nchi kavu ilipofunguliwa. Karibu miaka miwili. Deni halikujua habari ya korona.

Kosa letu kubwa halikuwa kukopa. Kosa lilikuwa aibu. Machi hiyohiyo ya 2020 Benki Kuu ya Rwanda ilitangaza kwamba taasisi za fedha zinaweza kupanga upya mikopo ya watu walioathirika. Nilisikia redioni, lakini nikaona haya kwenda kujieleza mbele ya karani ninayemfahamu. Badala yake nilikwenda kwa mzee mmoja anayekopesha nyumbani kwake, akanipa 200,000 ili nilipe marejesho nionekane mwungwana. Riba asilimia 20 kwa mwezi.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu hiyo polepole, maana wengi wetu tunaisikia asilimia kama neno la wasomi. Asilimia 20 ya 200,000 ni 40,000. Kila mwezi unampelekea mzee 40,000 na bado unadaiwa 200,000 ileile. Baada ya miezi mitano umempa 200,000 nzima, na deni halijapungua hata faranga moja. Sheria inakataza kufanya biashara ya kukopesha bila leseni ya Benki Kuu, lakini mtu anayekopeshwa gizani hawezi kwenda kushtaki mchana.

Hata kwa mkopeshaji mwenye leseni, uliza swali moja kabla ya kushika kalamu: riba inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya deni lililobaki? Chukua hizo 600,000 zetu kwa asilimia 2 kwa mwezi, ukirudisha 50,000 za msingi kila mwezi. Ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo, riba ya mwaka ni 144,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki ni 78,000. Asilimia ni ileile, karatasi zinafanana, lakini tofauti ni 66,000. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini tangu 2017, ila mimi sijaona bado karatasi ya mkopo iliyoandikwa kwa Kiswahili. Basi mwombe karani akuandikie jumla yote kwa tarakimu. Tarakimu hazina lugha.

Tulitokaje? Kwanza mama watoto aligundua. Alikuta karatasi za yule mzee katika koti langu, akakaa kimya siku mbili, siku ya tatu akaniambia, "Baba, lete madeni yote mezani, na yale usiyoyasema." Tukayaandika: chama, mzee, duka la jirani tunakokopa kwa daftari, karo, mkopo mdogo wa simu niliokuwa nimeusahau. Kuyaona yote mahali pamoja kuliniuma kuliko kudaiwa kwenyewe. Lakini kuanzia jioni ile tulijua ukubwa wa mnyama.

Baiskeli yangu na redio kubwa viliuzwa, na kila faranga ikaenda kwa mzee, kwa sababu deni lake ndilo lililokuwa likitula haraka. Kisha nilikwenda kwa chama, haya na yote, nikaomba muda. Walikubali kutupunguzia marejesho na kurefusha miezi. Riba iliongezeka kwa kurefusha huko, sitaki kumdanganya mtu, lakini hati haikupelekwa mnadani.

Nyumbani tuligombana juu ya kipi kikatwe. Mimi nilitaka kuacha kulipia mituweli mwaka ule. Mama watoto alikataa katakata, na alikuwa na haki: malaria ya mtoto mmoja bila mituweli ingeturudisha kwa mzee. Maharage na unga wa muhogo havikuguswa. Tulikata nyama, sukari, muda wa maongezi wa simu, na michango ya harusi, jambo lililotuletea maneno. Ndugu yangu mmoja hadi leo hunisalimu kwa ubaridi kwa sababu sikutoa chochote harusi yake ilipofanyika.

Mpaka ulipofunguliwa, mama watoto alianza na gunia moja, akiwa na mikoba miwili. Mmoja ni wa mtaji, mwingine ni wa chungu. Akirudi na mauzo, kwanza anarudisha bei ya gunia lijalo na nauli katika mkoba wa mtaji, na kinachozidi ndicho kinachogawanywa kati ya deni na jikoni. Jambo hili linasemwa kirahisi, ila siku mtoto anapofukuzwa shule kwa karo mkono unakwenda wenyewe kwenye mkoba usiotakiwa. Mimi nimeuzuiwa mkono huo mara nyingi.

Wafanyabiashara wa mpakani wana tatizo jingine ambalo mwalimu au karani halimpati. Sisi tunanunua kwa shilingi na kuuza kwa faranga. Mwanzoni mwa 2020 faranga moja ilinunua shilingi mbili na nusu hivi. Katikati ya 2024 ilikuwa ikinunua shilingi mbili. Kwa hiyo hata muuzaji wa Benako asipopandisha bei, mchele umepanda kwako kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Mtu anayehesabu faida kwa bei ya zamani anakula mtaji bila kujua, halafu anasema amerogwa. Na kama umekopa shilingi kwa rafiki wa upande wa pili, lipa hilo mapema.

Viongozi wetu pia wana la kujibu. Bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Mama mwenye magunia matatu anakistahili. Lakini wangapi kati ya wanaovuka Rusumo wamewahi kukishika mkononi? Anayepita njia za panya kwa kutokijua akikamatwa hupoteza mzigo mzima, na mzigo huo mara nyingi ni wa mkopo. Tungependa kuona maofisa wa sekta wakilieleza jambo hili katika mikutano ya wananchi, pamoja na hesabu ya riba niliyoiandika hapa.

Marejesho ya mwisho tuliyatoa Novemba 2022. Karani alinipa hati ikiwa imekunjwa mara nne. Nilimpelekea mama yangu, ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba iliondoka nyumbani. Aliikunjua, akaitazama mikunjo, akaniuliza kwa nini imechakaa namna hii.