Kwotabeki Hapimwi kwa Asilimia Peke Yake

Haya wadau, niko hai. Najua nimekaa kimya muda, UE zilitubana na wengine mpaka sasa tunaombea isije ikaangukia sapu. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kafteria. Leo naandika habari za mchezo ambao robo tatu yenu hamuujui, futiboli ya Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Msikimbie, nitafika kwenye mambo yetu.

Nina braza wangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Minneapolis. Yeye ni Vikings damu. Tukianza kuchati saa tatu usiku tunamaliza saa saba, na juzi tumegombana kweli kuhusu kwotabeki mmoja wa zamani, Sam Bradford. Kwa wasiojua, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila mchezo, anaangalia wenzake wanaokimbia mbele, anachagua mmoja na kumrushia. Ana kama sekunde mbili au tatu hivi kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia.

Braza akaniandikia: "Dogo, msimu wa 2016 Bradford alikamatisha asilimia 71.6 ya pasi zake. Ilikuwa rekodi ya NFL. Unataka nini tena?"

Nikamjibu: "Braza, pasi za kwenda wapi?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Rekodi ni ya kweli, na ilidumu mpaka 2017 Drew Brees alipofika asilimia 72.0. Lakini Bradford mwaka ule alipata yadi 7.0 tu kwa kila pasi aliyorusha, kiwango cha kawaida kabisa. Pasi nyingi zilikuwa fupi, mwenzako yuko pale karibu, unampa. Vikings walianza kwa kushinda mechi 5 mfululizo, wakamaliza 8 kwa 8, hata mtoano hawakuona. Sasa huyo ndiye alikuwa mpigaji pasi sahihi kuliko wote waliowahi kucheza? Mimi nilikataa.

Braza akaleta kipimo kingine, ile alama ya kwotabeki ambayo NFL wanaitumia tangu 1973. Nikaenda kuisoma, maana semista hii tuna kozi ya upimaji na tathmini na nilikuwa na hamu. Jamani, ile fomula ingeletwa darasani kwetu mhadhiri angeichana. Wanachukua vitu vinne: asilimia ya pasi zilizokamatwa, yadi kwa kila pasi, asilimia ya pasi zilizozaa tachidauni, na asilimia ya pasi zilizonaswa na wapinzani. Kila kimoja kina kiwango cha chini na cha juu, wanajumlisha, alama kubwa kabisa inatoka 158.3. Mia kamili siyo mia kamili!

Kuna kichekesho zaidi. Kwotabeki akiingia uwanjani akarusha kila mpira chini kwenye majani, hakuna hata mmoja uliokamatwa, anapata 39.6. Yaani robo ya alama zote. Kwa nini? Kwa sababu hakuna pasi iliyonaswa. Ni sawa na wewe kuingia kwenye UE, ukakaa masaa matatu bila kuandika kitu, ukapewa 25 kwa sababu hujaandika kosa. Tarehe 19 Novemba 2017 Nathan Peterman wa Buffalo alinaswa pasi 5 katika nusu ya kwanza tu, alama yake ikawa 17.9. Angerusha mipira yote chini angemaliza na alama zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Halafu angalieni ile alama inachomhesabia na isichomhesabia. Pasi ya yadi mbili, mpokeaji akakwepa watu watano na kukimbia yadi 60, zote anaandikiwa kwotabeki. Pasi safi iliyotua kifuani, mpokeaji ikamteleza ikaangukia mikononi mwa adui, kosa anaandikiwa kwotabeki. Na akishikilia mpira mpaka akaangushwa, alama haiguswi kabisa.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi tutupe namba tuangalie kwa macho. Macho nayo yanadanganya sana. Mwaka 2007 Oakland Raiders walimchagua JaMarcus Russell wa kwanza kabisa kati ya vijana wote waliotoka vyuoni, kwa sababu ya mkono wenye nguvu za ajabu. Baada ya misimu mitatu alikuwa nje ya ligi. Mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa wa 199. Mwembamba, mzito wa kukimbia, macho hayakumpenda. Akachukua Super Bowl 7. Nguvu ya mkono inaonekana kwa dakika mbili, ila uamuzi ni mpaka ukae chini uangalie mchezo mmoja mmoja.

Kwa hiyo mimi nikitaka kumpima kwotabeki najiuliza hivi. Alimchagua nani, na je, kulikuwa na mwingine aliyekuwa wazi zaidi? Aliachia mpira lini, kabla mwenzake hajageuka au baada ya nafasi kufungwa? Mpira ulitua wapi, mbele ya mpokeaji ili aendelee kukimbia, au nyuma mpaka asimame? Na alikuwa katika hali gani, amesimama raha mustarehe au kuna jitu limemshika fulana? Siku hizi NFL wanaweka vifaa vidogo kwenye pedi za mabega, wanakokotoa pasi ile ilikuwa na nafasi gani ya kukamatwa, halafu wanalinganisha na kilichotokea. Ukikamatisha pasi ngumu unapata sifa zaidi kuliko rahisi. Hiyo naiunga mkono, ingawa nayo haijui kocha aliagiza nini.

Braza akanipiga swali moja la mwisho: "Ulijua Bradford aliletwa siku chache tu kabla ya msimu, Bridgewater alipoumia goti? Na ulijua walinzi wake wa mbele waliumia wakaisha? Unadhani angepata wapi muda wa kurusha mbali?"

Wadau, niliishiwa maneno. Mimi niliyekuwa najidai kupinga namba ya braza nilikuwa nimetumia namba nyingine, yadi 7.0, kumhukumu mtu bila kuuliza alikuwa katika hali gani. Asilimia ilimpamba, yadi zikamponda, na zote mbili hazikumwona mtu mwenyewe.

Na usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ya kitu kilichotokea tiipii mwaka jana. Nilisahihisha jaribio la hisabati la kidato cha pili. Binti mmoja alipata 6 kati ya 20, nikamwandikia kwa wino mwekundu "ongeza bidii". Kijana mwingine alipata 14, nikamwandikia "vizuri sana". Wiki ya mwisho ndipo nilipopitia karatasi zile upya. Yule kijana alijibu maswali mepesi yote na hakugusa magumu. Yule binti alianza na magumu, njia zake zilikuwa sahihi, muda ukamwishia. Alikaa nyuma kabisa na maswali yalikuwa ubaoni, nusu ya muda aliutumia kunyoosha shingo. Nikajisemea nitamwita. Sikumwita, nikapanda basi nikarudi chuo.

Mwezi ujao tunaenda tena tiipii. Tutasahihisha, tutajumlisha, tutaandika namba moja kwenye fomu na mzazi ataisoma kama hukumu. Namba tuandike, lazima, shule haziendeshwi kwa hisia. Lakini wewe unayekwenda kuitwa mwalimu, kabla hujaandika maoni yako pembeni, fungua karatasi uone alirusha wapi na nani alikuwa amemshika fulana.

Braza, ukisoma hapa, kuhusu Bradford nimekubali nusu. Nusu nyingine tutagombania Jumapili.

Naomba kuwasilisha.